Lahajedwali au programu ya uhasibu? Hesabu za biashara ndogo mjini Sydney

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo umesafiri pamoja na wenyewe hadi vitongoji vya magharibi ya Sydney, kama vile Blacktown, Auburn na Liverpool, ambako wahamiaji kutoka Afrika Mashariki na eneo la Maziwa Makuu wanajitafutia riziki kwa biashara ndogo ndogo: usafi wa ofisi, saluni, maduka ya vyakula, teksi na usafirishaji wa mizigo.

Nchini Australia hakuna tena mjadala kuhusu haja ya kuwa na daftari. Sheria inalidai. Linalobaki kuamuliwa ni aina ya daftari. Je, mfanyabiashara atumie lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama Excel au Google Sheets, ambalo mara nyingi halimgharimu kitu? Au alipie kila mwezi programu ya uhasibu kama Xero, MYOB, QuickBooks au Reckon?

Wauzaji wa programu wana jibu lao, na mashabiki wa Excel wana lao. Lakini kwa mwenye biashara ndogo mjini Sydney, jibu hutegemea zaidi mambo mawili: kama ameajiri mtu, na kama anaweza kuligundua kosa lake mwenyewe kabla halijagunduliwa na Ofisi ya Kodi ya Australia, ATO.

Serikali inataka nini?

Kila anayeanza biashara huomba namba yenye tarakimu 11 inayoitwa ABN. Mauzo yake yakifikia dola 75,000 za Australia kwa mwaka, hutakiwa kujiandikisha ndani ya siku 21 kwa ajili ya kodi ya bidhaa na huduma, GST. Kodi hiyo ilianza Julai 2000 kwa kiwango cha asilimia 10, na ni ndugu wa VAT inayofahamika Nairobi, Kampala na Dar es Salaam.

Wengi hujikwaa hapo mwanzo kabisa. Dola 75,000 ni mauzo, si faida. Mwenye kampuni ya usafi aliyepokea dola 80,000 na kubakiwa na 20,000 baada ya gharama zote amekwisha kuvuka kiwango hicho. Madereva wa teksi na wa huduma za abiria zinazoitwa kwa simu, kama Uber, hawana kiwango cha kusubiri: hujiandikisha tangu dola ya kwanza. Kampuni ya Uber ililipinga jambo hilo mahakamani, na Mahakama ya Shirikisho ikaikatalia Februari 2017.

Aliyejiandikisha hupeleka taarifa iitwayo BAS, kwa kawaida kila baada ya miezi mitatu. Tarehe za mwisho ni 28 Oktoba, 28 Februari, 28 Aprili na 28 Julai. Tangu Julai 2017, kwa biashara zenye mauzo ya chini ya dola milioni 10, upande wa GST umerahisishwa ukabaki na tarakimu tatu tu: jumla ya mauzo, GST iliyokusanywa kwa wateja, na GST iliyolipwa katika manunuzi.

Mfano wa kubuni unaweza kusaidia. Mama mmoja wa Blacktown anasafisha ofisi. Katika miezi mitatu amewatoza wateja dola 22,000, GST ikiwa ndani yake. Sehemu moja ya kumi na moja ya fedha hizo, dola 2,000, si mali yake. Ameishikilia kwa niaba ya serikali. Amenunua mashine, sabuni na mafuta ya gari kwa dola 5,500, ambamo GST ni dola 500. Atapeleka ATO tofauti yake, dola 1,500.

Hesabu hiyo inaweza kufanywa na mtoto wa shule ya msingi. Ugumu wake ni kuzipata zile 22,000 na 5,500 zikiwa kamili, na kuweza kuzithibitisha. ATO hutaka kumbukumbu zitunzwe kwa miaka mitano, ziwe kwa Kiingereza au katika hali inayowezesha kutafsiriwa kwa urahisi. Mama huyo anaruhusiwa kuandika «sabuni» na «nauli» katika jedwali lake, mradi siku akiulizwa aweze kueleza.

Nguvu ya lahajedwali

Lahajedwali la kwanza kupata umaarufu katika kompyuta ndogo, VisiCalc, lilibuniwa na Wamarekani Dan Bricklin na Bob Frankston na kuanza kuuzwa mwaka 1979. Excel ya Microsoft ilifuata mwaka 1985. Kabla ya hapo, mhasibu aliyebadilisha tarakimu moja katika karatasi yake ndefu alilazimika kufuta na kujumlisha upya kila mstari. Lahajedwali liliiondoa adha hiyo, na ndiyo sababu linapendwa hadi leo.

Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, mwenye ankara kumi au ishirini kwa mwezi, chombo hicho kinatosha kabisa. Ukurasa mmoja wa mapato, mwingine wa matumizi; safu za tarehe, jina, maelezo, namba ya ankara, jumla, GST, na siku fedha zilipoingia au kutoka benki. Mwisho wa robo mwaka, tarakimu tatu za GST husomwa katika jedwali na kujazwa katika huduma za mtandaoni za ATO. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu wa namna hiyo kununua programu.

Faida yake nyingine haitajwi sana. Anayejaza jedwali kwa mkono wake huijua biashara yake. Anaona kwamba mteja fulani huchelewa kulipa, kwamba mafuta ya gari yamepanda, kwamba mwezi wa Januari, wakati ofisi nyingi zimo likizoni, ni mwezi wa njaa. Maarifa hayo hupatikana mstari kwa mstari, na ni hasara kuyapoteza.

Makosa yasiyopiga kelele

Udhaifu wa lahajedwali ni kwamba hukosea kimya kimya. Programu iliyoharibika hukataa kufunguka. Jedwali lililokosewa hutoa jibu safi, lililopangwa vizuri, ambalo si kweli.

Mwenye duka huongeza mstari mpya chini ya jedwali, lakini fomula ya kujumlisha inaishia mstari wa juu yake. Mauzo ya wiki nzima hayahesabiwi. Mwingine hupanga upya safu ya majina kwa alfabeti na kuisahau safu ya fedha. Deni la mmoja likahamia kwa mwingine. Wa tatu huandika 03/07 akimaanisha tarehe 3 Julai, na kompyuta iliyowekwa utaratibu wa Kimarekani ikaisoma kuwa tarehe 7 Machi, katika robo nyingine ya mwaka.

Namba za benki nazo zina mtego wao. Kila tawi la benki nchini Australia lina namba ya tarakimu sita, BSB, na nyingi huanza na sifuri. Lahajedwali likidhani kwamba hiyo ni hesabu ya kawaida, huifuta sifuri ya mbele. Namba za simu za mkononi, zinazoanza na 04, hupatwa na balaa hilo hilo. Dawa yake ni kuitambulisha safu hiyo kuwa ya maandishi kabla ya kuanza kuijaza.

Makosa hayo hayawapati wadogo peke yao. Oktoba 2020, wakati wa janga la korona, taasisi ya afya ya umma ya Uingereza ilikiri kwamba watu 15,841 waliothibitika kuambukizwa hawakuingia katika takwimu za kila siku. Taarifa za maabara zilikuwa zimehamishiwa katika aina ya zamani ya faili la Excel, lisilopokea zaidi ya mistari 65,536. Mistari iliyozidi iliachwa nje, na waliokutana na wagonjwa hao wakachelewa kutafutwa.

Mwenye lahajedwali anaweza kujikinga. Kinga kubwa ni kulinganisha na benki: kila mwisho wa mwezi, salio la jedwali lilingane na salio la taarifa ya benki, senti kwa senti. Likitofautiana hata kwa dola tatu, kazi haijaisha. Kinga ya pili ni kuhifadhi nakala mahali pengine, kwa kuwa kompyuta inayoibwa garini huondoka na miaka mitano ya ushahidi.

Programu ya uhasibu inaongeza nini?

Programu ya uhasibu imejengwa juu ya kanuni iliyoelezwa katika kitabu cha mtawa wa Kiitaliano Luca Pacioli, kilichochapishwa Venice mwaka 1494. Kanuni yenyewe ni maingizo mawili: kila fedha huandikwa mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na pande hizo mbili lazima zilingane. Lahajedwali la kawaida huandika mara moja tu. Programu huandika mara mbili bila mtumiaji kuona, na hukataa ingizo lisilolingana.

Jingine ni kuunganishwa na benki. Miamala huingia yenyewe kila siku, na kazi ya mwenye biashara huwa ni kuieleza: hii ni ankara ya mteja, haya ni mafuta, hii ni kodi ya pango. Risiti hupigwa picha kwa simu na kuambatishwa papo hapo. Ankara hutumwa kwa barua pepe, na mteja aliyechelewa hukumbushwa bila mwenye mali kuona haya ya kudai. Na kila badiliko huacha alama: nani alibadilisha, lini, na awali paliandikwa nini.

Kwa duka la vyakula, faida huonekana haraka zaidi. Chini ya sheria ya GST, vyakula vya msingi havitozwi kodi: unga wa mahindi, mchele, maharage, nyama mbichi, mboga. Lakini soda na peremende hutozwa, na vilevile sambusa ya moto inayouzwa kwenye kaunta hiyo hiyo. Mteja mmoja anaweza kununua unga, soda na sambusa kwa pamoja, na risiti yake ikawa na bidhaa mbili zenye kodi na moja isiyo nayo. Programu iliyounganishwa na mashine ya mauzo huzitenganisha, mradi kila bidhaa iliwekewa alama sahihi tangu mwanzo.

Masharti hayo ya mwisho ni ya kuzingatiwa. Programu haijui sheria kuliko aliyeipanga. Unga ukiwekewa alama ya kutozwa kodi kwa makosa, kosa hilo litarudiwa kwa uaminifu katika kila mfuko utakaouzwa kwa mwaka mzima. Kosa la lahajedwali huwa mara nyingi la mstari mmoja. La programu huwa la kanuni nzima.

Kuna pia gharama. Ada hulipwa kila mwezi, biashara iwe na kazi au isiwe nayo, na kampuni zinazouza programu hizo zimekuwa zikipandisha bei mara kwa mara. Anayeacha kulipa anaweza kufungiwa mlango wa vitabu vyake mwenyewe. Kwa hiyo ni busara, kabla ya kusitisha usajili, kupakua ripoti zote na kuzihifadhi, kwa sababu ATO haitakubali udhuru wa usajili uliokwisha.

Mpaka ni mshahara wa kwanza

Hadi hapo, uchaguzi ni wa hiari. Hiari hiyo hupungua sana siku mfanyabiashara anapomlipa mtu mwingine mshahara.

Tangu Julai 2018 kwa waajiri wenye watu 20 au zaidi, na tangu Julai 2019 kwa wadogo, Australia inatumia mfumo uitwao Single Touch Payroll. Kila siku ya mshahara, taarifa ya kiasi alicholipwa kila mwajiriwa, kodi iliyokatwa na akiba yake ya uzeeni hutumwa ATO moja kwa moja kutoka katika programu inayokubalika. Lahajedwali haliwezi kutuma taarifa hiyo lenyewe. Mwajiri hutafuta programu, au humkabidhi kazi hiyo wakala mwenye nayo.

Kwa waajiri wenye mtu mmoja hadi wanne, ATO iliwataka watengenezaji watoe programu rahisi za mishahara zisizozidi dola 10 kwa mwezi. Hivyo mama wa Blacktown akimwajiri msaidizi mmoja, si lazima anunue mfumo mkubwa. Anaweza kuendelea na lahajedwali kwa mauzo na manunuzi, na kutumia programu ndogo kwa mishahara tu. Njia hiyo ya katikati haitangazwi sana, lakini ni halali na ni nafuu.

Akiba ya uzeeni, inayoitwa kwa mkato «super», imeongeza uzito wa jambo hili. Ilianza mwaka 1992 ikiwa asilimia 3 ya mshahara kwa waajiri wadogo, na tangu 1 Julai 2025 ni asilimia 12. Utaratibu wa zamani uliruhusu kuilipa kila robo mwaka. Sheria mpya, inayohusu mishahara inayolipwa kuanzia 1 Julai 2026, inataka fedha hizo ziufikie mfuko wa mwajiriwa ndani ya siku 7 za kazi baada ya siku ya mshahara. Anayelipa mishahara kila wiki ana tarehe ya mwisho karibu kila wiki, na kumbukumbu ya kichwani haitoshi tena.

Wengine hudhani watakwepa kwa kumwita msaidizi «mkandarasi» na kumtaka awe na ABN yake. Hilo si kinga kamili. Mkataba ambao kiini chake ni nguvu ya mtu mwenyewe unaweza kumpa haki ya akiba ya uzeeni hata akiwa na ABN. Na katika kazi za usafi, tangu Julai 2018, mwenye biashara anayelipa wakandarasi hutakiwa kupeleka ATO taarifa ya mwaka ya malipo hayo ifikapo 28 Agosti. Usafirishaji wa vifurushi umo katika sheria hiyo hiyo, na ulinzi uliongezwa mwaka uliofuata. Hizo ni kazi ambazo wahamiaji wengi huanzia.

Dhima ya mkurugenzi

Wafanyabiashara wengi husajili kampuni wakiamini kwamba madeni ya kampuni yataishia kwenye kampuni. Kwa kodi za namna fulani sivyo. Kodi iliyokatwa katika mishahara na akiba ya uzeeni isiyolipwa zinaweza kudaiwa kwa mkurugenzi binafsi, na tangu 1 Aprili 2020 GST imeongezwa katika orodha hiyo. Nyumba ya familia inaweza kuingia hatarini.

Hapa daftari huokoa kwa namna isiyotarajiwa. Sheria humtofautisha mkurugenzi aliyepeleka taarifa kwa wakati lakini akashindwa kulipa na yule aliyenyamaza. Kwa wa kwanza, ikiwa kampuni imeelemewa, kuiweka chini ya msimamizi au mfilisi mapema kunaweza kumwondolea dhima binafsi. Kwa wa pili, mlango huo kwa kawaida umekwisha kufungwa. Asiye na fedha anashauriwa apeleke BAS hata hivyo, kisha aombe ATO mpango wa kulipa kidogo kidogo.

Taarifa haipelekwi na mtu asiyejua tarakimu zake. Wengi wanaonyamaza hawana nia ya kudanganya. Vitabu vyao viko nyuma kwa miezi tisa, risiti zimo katika mfuko wa plastiki chini ya kiti cha gari, na kila barua ya ATO inaongeza woga wa kuufungua mfuko huo.

Fedha za nyumbani na fedha za duka

Kuna jambo ambalo vitabu vya uhasibu vya Australia havilizungumzii sana, lakini kila Mwafrika Mashariki wa ughaibuni analijua. Simu hulia usiku. Kuna ada ya shule Kisumu, mgonjwa hospitalini Bujumbura, msiba Tanga. Fedha zilizo karibu ni za akaunti ya biashara, na utumaji wa fedha kwa simu huchukua dakika mbili.

Siku ya pili programu ya uhasibu huuona muamala huo katika taarifa ya benki na kupendekeza uandikwe «matumizi mengineyo». Mtumiaji aliyechoka hubonyeza kukubali. Kwa kitendo hicho, msaada kwa mama mzazi umegeuzwa kuwa gharama ya biashara na kupunguza kodi isivyo halali. Lahajedwali lisingependekeza lolote. Lingemwacha mwenyewe aandike, na pengine angeandika ukweli.

Kwa mfanyabiashara asiye na kampuni, fedha hizo ni zake. Anachotakiwa ni kuziandika kuwa fedha alizochukua mwenyewe, si gharama. Kwa mwenye kampuni mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa kampuni ni mtu mwingine mbele ya sheria. Mwenye hisa akichukua fedha za kampuni bila kuzirejesha, au bila kuandika mkataba wa mkopo unaokubalika kabla ya siku ya kupeleka hesabu za kodi za kampuni, kiasi hicho kinaweza kuhesabiwa kuwa gawio na kutozwa kodi.

Ujamaa hauvunji sheria yoyote, na hakuna anayeombwa kukata undugu. Kinachotakiwa ni njia mbili za fedha: akaunti ya biashara, na akaunti ya nyumbani ambayo mwenye biashara hujilipa kila wiki au kila mwezi. Simu ya usiku ijibiwe kutoka akaunti ya pili. Akaunti ya tatu, ya kuwekea sehemu ya kumi na moja ya kila mauzo yenye GST, itamwondolea mama wa Blacktown wasiwasi wa tarehe 28.

Nani aruhusiwe kusaidia?

Katika jumuiya za wahamiaji hakukosekani kijana aliyesoma, anayewajazia wazee BAS kwa malipo kidogo. Msaada wa bure kwa jamaa ni jambo moja. Kulipwa kwa kazi hiyo ni jambo jingine: sheria ya mwaka 2009 inataka anayetoa huduma za BAS kwa malipo awe amesajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Kodi, ambayo orodha yake iko wazi mtandaoni kwa kila mtu. Mteja wa wakala aliyesajiliwa hupata kinga fulani dhidi ya adhabu pale kosa linapokuwa la wakala. Mteja wa kijana wa mtaani hubeba kosa lake peke yake.

Asiyemudu Kiingereza cha kodi anaweza kupiga simu 131 450, huduma ya wakalimani ya serikali ya shirikisho, na kuomba aunganishwe na ATO kwa Kiswahili. Kuuliza mapema hugharimu muda tu.

Wanaoamua kuhama

Anayetoka kwenye lahajedwali kwenda kwenye programu hushauriwa kuhama mwanzoni mwa robo mwaka, na bora zaidi tarehe 1 Julai, mwaka wa fedha wa Australia unapoanza. Haina haja kuhamisha miaka yote ya nyuma. Huingizwa salio la benki la siku hiyo, wateja wanaodaiwa, madeni anayodaiwa mwenyewe, na vifaa vya biashara.

Kwa miezi mitatu ya kwanza, vyote viwili viende sambamba. Robo ikifika mwisho, tarakimu tatu za GST kutoka kila upande ziwekwe ubavuni. Zikilingana, lahajedwali linaweza kufungwa na kuhifadhiwa kwa miaka mitano. Zisipolingana, mwenyewe amejifunza jambo kabla ya ATO kulijua.

Upepo unavuma upande mmoja

Wasomaji walioko nyumbani watatambua kwamba Sydney haiko peke yake. Tanzania ilianzisha mashine za kielektroniki za stakabadhi mwaka 2010. Uganda ilianza mfumo wa EFRIS Januari 2021. Kenya ilileta eTIMS mwaka 2023, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya mfumo huo, isipokuwa zile zilizosamehewa, haikubaliwi katika kupunguza kodi ya mapato. Katika nchi zote hizo, serikali inasogea karibu na kaunta ya duka, na muda kati ya mauzo na taarifa unazidi kuwa mfupi.

Uingereza imechukua njia ya kati yenye mafunzo. Tangu Aprili 2022 kila aliyesajiliwa kwa VAT hutunza kumbukumbu kwa njia ya kidijitali, lakini lahajedwali linaruhusiwa, ilimradi liunganishwe na programu ndogo inayozipeleka tarakimu serikalini bila kunakiliwa kwa mkono. Lahajedwali halijafa, limewekewa daraja.

Uamuzi

Kwa mfanyabiashara wa Sydney, maswali matatu yanaweza kukata shauri. Je, unamlipa mtu mshahara? Ikiwa ndiyo, programu ya mishahara haiepukiki, hata kama ni ile ndogo. Je, unauza bidhaa nyingi, nyingine zenye GST na nyingine zisizo nayo? Ikiwa ndiyo, programu kamili italipa gharama yake kwa makosa itakayozuia. Je, hesabu zako za mwezi uliopita zimelingana na benki? Ikiwa hapana, usinunue kitu bado. Anza kwa kulinganisha.

Swali hilo la tatu ndilo hutangulizwa na wahasibu wenye uzoefu, kwa sababu chombo hakimfundishi mtu nidhamu. Mwenye kutenga saa moja kila Jumapili jioni, akaweka risiti mahali pake na kulinganisha salio, atakuwa salama kwa lahajedwali la bure hadi siku atakapoajiri. Asiyeitenga saa hiyo atalipia programu nzuri kila mwezi, na tarehe 28 Februari bado itamkuta akipekua mfuko wa plastiki chini ya kiti cha gari.